Gari kuukuu la petroli kwenye gesi ya LPG ukiwa Mbeya: mwongozo kamili, kuanzia temostati

Ukitaja "gari la gesi" kwa mtu aliyezoea Dar es Salaam, kichwani mwake inakuja CNG, yaani gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay, inayoshindiliwa kwenye mtungi mzito kwa presha ya bar 200 hivi. Hapa siizungumzii hiyo. Nazungumzia LPG, gesi ileile unayopikia ugali, mchanganyiko wa propani na butani ambao ukibanwa kidogo tu unageuka maji. Kwa hali ya hewa yetu, presha yake ndani ya tangi mara nyingi haifiki bar 10. Vifaa vya CNG na vya LPG haviingiliani: tangi, valvu, mdomo wa kujazia, kipunguza presha, kila kimoja kina chake. Muuzaji akikuambia "seti ya gesi", muulize gesi gani kabla hujatoa hela.

Magari ninayoyalenga ni haya tunayopishana nayo Mwanjelwa, Uyole na Mbalizi kila siku: Corolla za AE100 na AE110, Carina, Corona, Mark II za GX, Townace na Hilux za kabureta. Magari mapya ambayo nozeli zake zinapuliza petroli ndani ya silinda yenyewe yana mambo mengine kabisa, na humu hayamo.

Kituo kwanza, spana baadaye

Swali la kwanza si bei ya seti. Swali ni: utajazia wapi? Unahitaji mahali penye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ya biashara ya LPG, penye pampu na mdomo wa kujazia tangi la gari, na mtu aliyefundishwa kazi hiyo. Nenda mwenyewe, ona pampu kwa macho, uliza inafanya kazi siku zipi. Kama njia zako ni Tukuyu, Tunduma au Makambako, fanya hesabu ya kwenda na kurudi kutoka hapo kilipo kituo. Na kama jibu lako ni kwamba utamimina kutoka mtungi wa jikoni, basi usiendelee. Sikutishi. Mtungi wa jikoni umetengenezwa kutoa mvuke kwa juu, polepole, kwa ajili ya jiko la mafiga mawili. Injini inataka gesi nyingi kwa haraka. Ukiulazimisha, gesi iliyobaki inapoa kwa kule kuchemka kwake, mtungi unaota barafu nje, na gari linazimika. Ukiulaza ili utoke maji, umeondoa kinga zake zote, na unaendesha ukiwa na bomu kwenye buti. Kuhamisha gesi toka mtungi kwenda tangi nyuma ya nyumba nako ni kinyume cha taratibu, na watu huungulia hapohapo.

Swali la pili ni hesabu. Kwa nguvu iliyomo ndani yake, kilo moja ya LPG inafanya kazi ya takriban lita 1.4 za petroli. Kwa ujazo, kilo hiyo ni kama lita 1.85 za gesi iliyo maji. Kwa hiyo gari lako litakunywa lita nyingi zaidi za gesi kuliko za petroli, asilimia 20 hadi 30 juu, na hilo si ugonjwa. Kipimo rahisi: zidisha bei ya lita ya petroli kwa 1.4. Kilo ya gesi ikiwa chini ya hapo, unaokoa. Ikiwa juu, unapoteza. Bei kikomo za petroli EWURA huzitangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, mji kwa mji, na Mbeya huwa juu ya Dar kwa sababu ya usafiri. Bei ya gesi nenda kaulize.

Tuseme petroli ni shilingi 3,000 kwa lita na gesi ni 3,600 kwa kilo. Gari linalokula lita 10 kwa kilomita 100 litatumia petroli ya 30,000, au kilo 7.1 za gesi, yaani kama 25,700. Umeokoa 4,300 kwa kila kilomita 100. Ikiwa seti na ufundi vimekula milioni 2, utazirudisha baada ya kilomita 46,500 hivi. Dereva wa teksi anayezunguka kilomita 150 kwa siku atazirudisha ndani ya mwaka. Mwalimu anayetoka Iyunga kwenda kazini na Jumapili kanisani atangoja miaka mingi, na pengine gari litauzwa kabla. Weka bei za siku yako, fanya hesabu kwa kalamu, na uwe mkweli kuhusu kilomita unazotembea.

Gesi haifichi ugonjwa wa gari

Injini inayomisi kwenye petroli itamisi zaidi kwenye gesi. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea: mtu anafunga seti nzuri kwenye injini mbovu, kisha analaumu gesi. Kabla ya kununua chochote, pima vitu vinne.

Komprashani, yaani presha inayobanwa ndani ya silinda. Pima silinda zote, injini ikiwa ya moto, plagi zote nje, akseleta imekanyagwa hadi mwisho. Ila zingatia tuko wapi. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18. Injini ambayo kitabu kinasema isome psi 190 pwani, hapa itasoma kama psi 155 na bado ni nzima kabisa. Mafundi wengine hushusha injini kwa sababu ya tarakimu hiyo. Kinachotakiwa kukutia wasiwasi ni silinda moja kuachwa mbali na wenzake, zaidi ya psi 15 hivi.

Valvu. LPG inaungua ikiwa kavu. Haina ile petroli ya maji inayopoza valvu wakati wa kuingia, wala viongezeo vyake. Kwenye injini zenye viti vya valvu laini, kiti kinalika kidogo kidogo, valvu inazama, na nafasi ya tapeti, ule mwanya ulio juu ya valvu, inapungua hadi valvu haifungi vizuri. Hapo inaungua. Injini zilizotengenezwa enzi za petroli yenye risasi, ambayo nchi za kusini mwa Sahara ziliachana nayo kuanzia Januari 2006, ziko kwenye hatari zaidi. Jambo la kukumbuka ni kwamba tapeti inayokaribia kuharibika haipigi kelele, inanyamaza. Kwa hiyo pima kwa filagaji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya, kabla ya kufunga gesi, andika namba zote kwenye daftari, kisha pima tena baada ya kilomita 10,000. Nafasi za valvu za kutolea moshi zikiwa zimepungua, utajua injini yako ni ya aina gani. Zipo chupa za mafuta ya kulinda valvu yanayodondoka kwenye manifoldi, njia ya hewa kuingia kwenye silinda; yanasaidia, hayaponyi.

Moto wa plagi. Gesi inahitaji cheche yenye nguvu kuliko petroli. Weka plagi mpya, punguza mwanya hadi milimita 0.8 hata kama kitabu kinasema 1.1. Badilisha waya za plagi, kofia ya distribyuta na rota kama ni za tangu gari lishuke melini. Njia ya kienyeji ya kukagua: usiku, gizani, washa injini, fungua boneti, nyunyizia ukungu wa maji kwenye waya. Ukiona vimulimuli vinacheza, hizo waya ni za kutupa.

Na cha nne ndicho nitakachokaa nacho zaidi.

Temostati

Nyanda za juu hizi, nusu ya magari niliyofungua hayana temostati, kile kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto. Gari lilichemsha siku moja mpando wa Kitonga au Mlima Nyoka, fundi akaitoa, akasema "sasa maji yanazunguka vizuri", na likaendelea hivyo miaka kumi. Kwenye petroli unaweza kuishi hivyo, unapoteza mafuta tu. Kwenye gesi huwezi.

Sababu yake ni hii. Gesi inatoka kwenye tangi ikiwa maji na inaingia kwenye kipunguza presha, ambacho mafundi hukiita redyusa, ili iwe mvuke. Kugeuka mvuke kunahitaji joto jingi, na joto hilo linatoka kwenye maji ya rejeta yanayopitishwa ndani ya redyusa. Maji yakiwa ya baridi, redyusa inaganda. Utaona ukungu mweupe wa barafu juu yake, injini inapoteza nguvu, kisha gesi inapita ikiwa bado maji na gari linazimika katikati ya barabara, nyuma yako lori la Tunduma. Propani inachemka kwa nyuzi 42 chini ya sifuri, lakini butani inachemka kwenye karibu nusu nyuzi chini ya sifuri tu. Asubuhi ya Juni au Julai, hapa Mbeya nyuzi 5 au 6 ni kawaida, na ukienda Njombe au Makete utakuta umande umeganda majanini. Mtu wa Dar hana tatizo hili. Sisi tunalo.

Gari langu la kwanza la gesi lilinifundisha hivyo. Fundi aliyenifungia alikuwa hodari wa kuunganisha, lakini hakuuliza habari ya temostati, nami sikujua kama haipo. Wiki nzima nilikuwa nafika kazini kwa petroli kwa sababu gesi ilikataa kushika hadi jua lipande. Tulibadilisha redyusa, tukabadilisha filta, tukapima umeme. Mwisho mzee mmoja akashika mpira wa juu wa rejeta baada ya dakika kumi za kuendesha, akacheka: bado ni wa uvuguvugu.

Kwa hiyo, kabla ya gesi: weka temostati mpya ya nyuzi zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari lako, kwa Toyota nyingi ni 82 au karibu na hapo. Kama gari linachemsha ukiirudisha, basi rejeta imeziba au feni haifanyi kazi, na hilo lilikuwa tatizo tangu mwanzo. Safisha njia za maji, acha kutumia maji matupu ya bomba, tia kulanti. Maji yenye kutu yataziba vijia vyembamba vya redyusa ndani ya miezi. Angalia pia kama mipira ya hita ipo na haijakatwa na kuunganishwa juu kwa juu; huko ndiko redyusa itakakochotea joto.

Kuchagua mfumo

Gari la kabureta linachukua mfumo wa mikisa: redyusa, mikisa (kichanganyio cha gesi na hewa) inayokaa mdomoni mwa kabureta, valvu ya umeme ya kufunga petroli, valvu ya umeme ya gesi yenye filta, na swichi. Ni rahisi, fundi mzuri anamaliza kwa siku mbili, na unakubali kupoteza kama asilimia 10 ya nguvu.

Gari la EFI, yaani lenye nozeli za petroli badala ya kabureta, lifungiwe mfumo wa nozeli za gesi, kila silinda na nozeli yake, unaoongozwa na kontroli boksi (kompyuta) ya gesi inayosoma mapigo ya nozeli za petroli. Wapo watakaokushauri ufunge mikisa kwenye EFI kwa sababu ni nafuu. Mimi nakukataza. Kwenye mikisa, manifoldi nzima inajaa mchanganyiko unaoweza kuwaka. Plagi ikikosa mara moja, moto unarudi nyuma, na nimeona sanduku la filta ya hewa limepasuka vipande na sensa ya hewa imekufa. Mfumo wa nozeli unapuliza gesi karibu na mlango wa silinda, na nguvu inayopotea ni asilimia chache tu.

Majina utakayokutana nayo ni ya Italia, kama BRC, Landi Renzo, Lovato na Tomasetto, na ya Poland kama STAG. Vya mtumba unaweza kununua kontroli boksi au swichi. Tangi, multivalvu (valvu ya usalama ya juu ya tangi) na redyusa usinunue vilivyotumika.

Tangi

Tafuta tangi lenye bati la 67R-01, kiwango cha kimataifa cha vifaa vya LPG vya magari, na alama ya E ndani ya duara, pamoja na mwaka wa kutengenezwa. Italia na Poland, tangi likifika miaka 10 halitumiki hivihivi tena. Nasi tufuate hapo. Tangi la mviringo linalokaa kwenye shimo la spea tairi ni zuri kwa gari dogo la saluni, kwa sababu linabakiza buti. La silinda linafaa Hilux na Townace.

Juu ya tangi kuna multivalvu, na ndiyo roho ya usalama wote. Inakata kujaza tangi likifika asilimia 80, ili gesi ipate nafasi ya kutanuka jua likiwaka. Inafunga gesi umeme ukikatika. Inafunga bomba likikatika ghafla. Inafungulia nje presha ikipanda mno, kwenye bar 27. Fundi akikuambia anaweza kuichezea ili tangi lijae zaidi, chukua gari lako uondoke.

Kwa hesabu: tangi la lita 40 linabeba lita 32, yaani kilo 17 hivi. Gari linalotembea kilomita 10 kwa lita ya petroli litakupa kama kilomita 250. Tukuyu kwenda na kurudi, na chenji inabaki.

Kufunga: boliti za daraja la 8.8 na washa pana au mabamba chini ya sakafu, kamwe si skrubu za bati. Kanuni ya kimataifa inataka tangi lihimili mvuto wa mara 20 ya uzito wake kuelekea mbele na mara 8 kuelekea kando. Tangi la lita 40 lililojaa ni kama kilo 40, kwa hiyo kwenye ajali linavuta kama kilo 800. Angalia sakafu ya buti: yenye kutu isikubali tangi hadi ilehemiwe. Multivalvu iwe ndani ya boksi lisilopitisha gesi, na mirija yake ya hewa itoboe sakafu kwenda nje, mbali na bomba la moshi. Mdomo wa kujazia uwe nje ya bodi.

Bomba na redyusa

Bomba la gesi ya maji lipite chini ya gari, upande usio na bomba la moshi, juu ya usawa wa mihimili ili tuta lisilikwangue. Tumia la shaba la milimita 6 au 8 lenye ganda la plastiki, au la plastiki maalumu la LPG. Bomba la breki na mpira wa jiko havifai. Lishikwe na klipu kila sentimita 60 hivi, lizungushwe duara moja au mawili karibu na tangi na karibu na injini ili mtetemo usilikate. Lisipite ndani ya kabini.

Redyusa ikae kwenye bodi, si juu ya injini, chini ya usawa wa juu wa maji ya rejeta, ili pasibaki hewa ndani yake. Za mikisa ziwekwe na diaframu (ngozi ya mpira iliyo ndani yake) ikisimama na kuelekea sambamba na urefu wa gari, la sivyo kila ukikanyaga breki au ukiingia kona itachezacheza na sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga akseleta, itayumba. Unganisha maji kwa viungo vya T kwenye mipira ya hita. Kisha toa hewa yote kwenye maji: washa injini na kofia ya rejeta ikiwa wazi tangu ya baridi, ongeza hadi mapovu yaishe. Shika redyusa. Injini ikipata moto, nayo iwe ya moto kuliko mkono unavyoweza kuvumilia. Kama sivyo, usiendelee hata hatua moja.

Mikisa, nozeli na umeme

Kwa kabureta, mikisa inawekwa juu ya mdomo, na valvu ya petroli kati ya pampu na kabureta. Swichi iwe ya nafasi tatu: petroli, katikati hakuna kitu, gesi. Unapohama kutoka petroli kwenda gesi, unakaa katikati sekunde kadhaa hadi bakuli la kabureta likauke, injini ikianza kulegea unaweka gesi. Ukiruka moja kwa moja zitaingia zote mbili na injini italemewa.

Kwa EFI, manifoldi ivuliwe kabla ya kutoboa. Fundi mvivu hutoboa ikiwa mahali pake akisema vumbi la chuma "litatoka na moshi". Litatoka, likishakwangua silinda. Matundu yawe karibu na kichwa cha injini, yote kwa pembe moja, na mipira kutoka nozeli za gesi iwe mifupi na yenye urefu sawa. Kisha waya: nozeli za petroli zinakatwa na kupitishwa kwenye kontroli boksi ya gesi, ambayo inaidanganya kontroli boksi ya gari ione kana kwamba petroli bado inaingia. Lehemu kila kiungo kwa risasi na kukifunika kwa mpira wa joto. Kusokota waya na kuzungusha selotepu ndiko kunakozaa gari linalozima mvua ya Tukuyu ikinyesha.

Fyuzi karibu na betri. Valvu zote za gesi zipate umeme injini ikizunguka tu, si swichi ikiwa on tu.

Siku ya kuwasha

Mara ya kwanza kutia gesi, fanyia nje, penye upepo. LPG ni nzito kuliko hewa kwa karibu mara mbili ikiwa mvuke, inashuka na kutulia chini, na shimo la gereji ndilo mahali inapopenda kulala. Sihesabu wangapi wanapenda kukagua gari la gesi wakiwa shimoni na sigara. Tia lita chache, fungua valvu, kisha pitisha povu la sabuni kwenye kila kiungo, kuanzia mdomo wa kujazia hadi redyusa. Povu likipanda, funga, kaza, rudia. Kiberiti si kipimo. Harufu mnayoijua ni kemikali iliyowekwa makusudi, lakini pua peke yake haitoshi.

Washa kwa petroli. Subiri maji yafike nyuzi 40 kwa mikisa. Mfumo wa nozeli unahama wenyewe kwa joto ulilouwekea, na kwa baridi yetu mimi huweka 40 au 45 badala ya 30 ambayo seti nyingi huja nayo.

Kurekebisha kwa mikisa: injini ikiwa ya moto kabisa, shika sailensa kwa skrubu ya redyusa, kisha weka mzunguko wa 3,000 na rekebisha skrubu ya pawa kwenye mpira mkubwa. Ifunge hadi mzunguko uanze kushuka, ifungue hadi ushuke tena, rudi katikati. Mashine ya kupima moshi ikipatikana, itumie. Kuna jambo zuri kwetu hapa: kabureta ya petroli iliyopangwa pwani huku juu inakula mafuta kupita kiasi, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi na petroli haibadiliki. Gesi na hewa huwa nyepesi pamoja, kwa hiyo mikisa iliyowekwa sawa Mbeya haitaharibika sana ukishuka Kyela.

Kwa nozeli: kompyuta, presha ya redyusa kama bar 1 juu ya manifoldi, fanya kalibresheni ya mwanzo, kisha uendeshe barabarani. Unalinganisha muda wa nozeli za petroli gari likiwa kwenye petroli na likiwa kwenye gesi, mzigo uleule. Namba zikifanana, kazi imekwisha. Fundi ambaye hatoki na wewe barabarani, anabonyeza tu gari limesimama, hajamaliza. Mpeleke Mlima Nyoka, gia ya tatu, akseleta chini. Huko gesi ikipungua utasikia.

Taimingi, yaani wakati wa cheche kupiga: kwenye distribyuta unaweza kusogeza mbele digrii 2 hadi 4. Corolla za 5A-FE zina digrii 10 za msingi ukiunganisha TE1 na E1, pini za soketi ya kupimia chini ya boneti, anzia hapo. Ukisikia injini inagonga ukirudi kwenye petroli, rudisha.

Karatasi, kisha barabara

Kadi ya gari ina sehemu ya aina ya mafuta. Peleka badiliko hilo TRA, mamlaka ya mapato. Mwambie wa bima kwa maandishi, maana gari likiungua, hicho ndicho kitu cha kwanza watakachouliza. Mtungi mdogo wa kuzimia moto wa unga uwe karibu na dereva, si ndani ya buti chini ya mizigo. Ukinusa gesi: simama, zima, funga valvu ya mkono juu ya tangi, fungua milango, sogea upande upepo unakotoka. Zimamoto ni 114.

Petroli usiiache iishe. Robo tangi ibaki daima, kwa sababu pampu ya EFI hupozwa na petroli inayoizunguka. Ikizunguka kavu itakufa, na utasema gesi imeua pampu. Filta za gesi badilisha kila kilomita 15,000 hivi. Redyusa ina skrubu ya kumwagia chini; ifungue ikiwa ya moto, injini imezimwa na valvu ya tangi imefungwa, utatoka uchafu mzito kama lami. Filta ya hewa ya kwenye barabara za vumbi za Chunya isizidi miezi mitatu, maana mikisa ikikosa hewa gesi inazidi kwenye mchanganyiko.

Na gari likienda kunyooshwa bodi, mwambie mchomeleaji kabla hajawasha mashine yake: tangi lipo, hapa lilipo. Tumia gesi yote hadi liishe, funga valvu ya mkono, chomoa betri na kontroli boksi ya gesi. Akitaka kuchomelea karibu na shimo la spea tairi, tangi lote litolewe nje na likae mbali, penye hewa, hadi amalize.